Vigezo na masharti kuzingatiwa: ile sentensi ya "tunaweza kubadilisha muda wowote bila taarifa" inamaanisha nini hasa

Kama umekulia Bongo unaijua ile sauti ya mwisho wa tangazo la redio. Tangazo lenyewe limeenda taratibu, kuna muziki, kuna mama anapiga vigelegele kashinda pikipiki, afu sekunde ya mwisho anakuja jamaa anaongea kama anakimbizwa na mbwa, "vigezonamashartikuzingatiwa", kimya, inaingia taarifa ya habari. Mi niliicheka hiyo sauti miaka yote mpaka siku nilipokaa chini kuyasoma hayo masharti neno kwa neno, na wala hayakuwa ya redio, yalikuwa ya aplikesheni ya simu, na simu yenyewe sio yangu, ya shangazi.

Shangazi ana duka la vitenge na vipodozi Mbagala Rangi Tatu, na maduka ya mtaani unayajua, nusu ya wateja wanachukua leo wanalipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wenyewe mwezi gani hawasemi. Alikuwa anaandika madeni kwenye kaunta buku. Mimi nikajifanya mjanja wa ukoo, nikamwekea aplikesheni ya bure ya kuandika mauzo na madeni, jina lake siliweki hapa, na nikambonyezea "Nakubali" mwenyewe huku nimeegemea kaunta natafuna karanga. Akaipenda kweli. Mwaka na nusu, wateja mia moja thelathini na kitu, kila mtu na jina lake na namba yake na deni lake.

Jumamosi moja ananipigia saa moja asubuhi, shikamoo yangu haijafika hata katikati, "Baba, hawa watu wamenifungia daftari langu." Nikadhani kasahau paswedi. Kumbe usiku aplikesheni imejiapdeti yenyewe, asubuhi imekuja na skrini ya bluu nzuri inasema tumeboresha huduma kwa ajili yako, na maboresho yenyewe ni kwamba cha bure sasa kinaishia wateja 50. Waliobaki majina yao unayaona, ila ukigusa jina inakuja picha ya kufuli. Kile kitufe cha kudanlodi ripoti nacho kimehamia upande wa kulipia. Yaani deni lipo pale, unaliona kivuli, ila huwezi kujua mama Zuhura anadaiwa shilingi ngapi.

Nikawaandikia imeli kwa hasira. Jibu likaja siku ya tatu, la heshima kabisa, likanielekeza kwenye kipengele fulani cha masharti ambayo mimi mwenyewe niliyakubali. Nikitafsiri kwa Kiswahili cha kawaida kilikuwa kinasema hivi: tunaweza kubadilisha, kupunguza au kusitisha huduma yote au sehemu yake, muda wowote, kwa uamuzi wetu wenyewe, kwa taarifa au bila taarifa, na ukiendelea kutumia huduma baada ya hapo maana yake umekubali.

Sasa kabla hujanicheka kwamba sikusoma, na wewe hujasoma. Tarehe 1 Aprili 2010 duka moja la magemu Uingereza linaitwa GameStation liliingiza kwenye masharti yake ya mtandaoni kipengele kwamba mteja anaipa kampuni roho yake milele, na pembeni wakaweka kisanduku cha kukataa, ukikibonyeza wanakupa vocha ya pauni 5. Watu kama 7,500 wakauza roho siku hiyo, na kampuni yenyewe ikasema asilimia 88 hawakukigusa hicho kisanduku. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Amerika Kaskazini wakatengeneza mtandao wa kijamii wa uongo wakawapa wanafunzi 543 wa chuo kikuu wajiunge, kwenye masharti wameandika kwamba malipo ya kujiunga ni kumtoa mtoto wako wa kwanza. Asilimia 98 hawakuona. Kwahiyo hili la kusoma tuliache, hakuna anayesoma na hao wanaoandika wanajua hakuna anayesoma.

Kilichonishughulisha mimi ni kitu kingine: hiyo sentensi ina nguvu kweli? Yaani mtu anaweza kuandika kwamba nitafanya nitakacho, ukabonyeza Nakubali, ikawa imeisha? Jibu fupi ni kwamba inategemea, na najua jibu la "inategemea" linaudhi, ndo maana inabidi tuifungue sentensi yenyewe maana humo ndani wamefunga vitu vinne tofauti kwenye kitenge kimoja.

Chukua nyumba ya kupanga. Umelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama kawaida yetu, dalali kala chake, umehamia. Mwezi wa pili mwenye nyumba anakuja na karatasi mpya ya mkataba imeongezwa mstari kwamba ukigombana naye hutaenda mahakamani, mtasuluhishwa na shemeji yake. Hapo kabadilisha maneno ya mkataba. Au hajagusa karatasi, ila umeamka bomba la uani kalikata na parking kapangisha gereji. Hapo kabadilisha huduma. Au kila kitu kiko vilevile ila kodi imepanda. Hapo kabadilisha bei. Au anakwambia nimeuza nyumba, mwisho wa mwezi uwe umetoka. Hapo kafunga. Mtaani kila mtu anajua haya ni mambo manne na kila moja lina ugomvi wake na mjumbe wake, lakini kwenye masharti ya mtandaoni yote yanaingia kwenye "kubadilisha muda wowote", na ukilalamika juu ya moja unajibiwa kwa lingine.

Tuanze na maneno, na mfano ambao karibu kila anayesoma hapa ulimpitia. WhatsApp ilinunuliwa na Facebook Februari 2014 kwa dola bilioni 19 na mwanzilishi wake akawatuliza watumiaji kwamba kwao hakuna kitakachobadilika. Agosti 2016 sera ikabadilika, baadhi ya taarifa za akaunti zikaanza kwenda Facebook, wakatoa siku 30 za kukataa kwa kitufe ambacho wengi hawakukiona. Mei 2017 Umoja wa Ulaya ukaipiga Facebook faini ya euro milioni 110 kwa sababu wakati wa kununua ilitoa maelezo ya kupotosha kuhusu uwezekano wa kuunganisha akaunti za huku na kule. Afu Januari 2021 ndo ikaja ile notifikesheni unayoikumbuka, kubali sera mpya kabla ya tarehe 8 Februari. Magrupu ya familia yalichafuka, kila mjomba akawa mtaalamu wa faragha, watu wakahamia Signal na Telegram kwa mafungu, kampuni ikasogeza tarehe mpaka 15 Mei. Angalia hapo, taarifa ilitolewa. Tena ilijaza skrini nzima. Kilichowaudhi watu ni kwamba chaguo lilikuwa kubali au uondoke, na ukiondoka unaiacha familia yote kule, grupu la kikoba, grupu la msiba, grupu la wazazi wa darasa la nne. Hili la kuondoka lishike, tutalirudia.

Kwenye huduma, mfano mzuri kuliko wote kwangu ni wa PlayStation 3, ile mashine ya magemu ya Sony, maana ule haukuwa wa bure hata kidogo, watu walitoa hela dukani. Mashine ilikuja na uwezo wa kuweka ndani Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na kuna watu walinunua kwa sababu hiyo. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ikatoa apdeti iliyouondoa huo uwezo. Hukulazimishwa kuapdeti, la hasha, ila usipoapdeti huwezi tena kucheza na wenzako mtandaoni wala kutumia duka lao. Kwahiyo kitu ulichonunua kina mikono miwili na unaambiwa chagua ukatwe upi. Kesi Marekani ilivutana miaka, ikafutwa, ikafufuliwa, mwisho 2018 wakamalizana kwa dola milioni 3.75 za kugawana watu wote, sasa ondoa mawakili.

Kabla ya hiyo apdeti ya Sony, Julai 2009, Amazon iliingia kwenye Kindle za watu, vile vifaa vyake vya kusomea vitabu, ikafuta vitabu viwili vya George Orwell walivyokuwa wameshanunua, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Hela walirudishiwa. Lakini kuna mwanafunzi wa sekondari alikuwa ameandika noti zake za masomo ndani ya kitabu, kitabu kimeondoka, noti zimebaki zinaning'inia, "angalia ukurasa huu" na ukurasa haupo. Alishtaki, wakamalizana nje ya mahakama, kampuni ikaahidi haitafanya tena vile ila kwa sababu chache walizozitaja. Hapo ndo utaona kwamba kurudisha hela sio kurudisha kitu.

Bei tuipite haraka maana kila mtu anaielewa, ila kuna ujanja mmoja lazima niuseme. Mwanzoni mwa 2024 Amazon ilianza kuonyesha matangazo kwenye Prime Video, huduma yake ya filamu, na Marekani asiyeyataka akaambiwa aongeze dola 2.99 kwa mwezi. Bei haijapanda, si umeona? Ni huduma tu imepungua, na ukitaka ile ya jana unalipa zaidi ya jana. Mangi akipunguza unga kwenye kipimo bila kugusa bei mtaa mzima unajua kapandisha, ila kwenye mkataba hivi ni vipengele viwili tofauti, na wanasheria wanaujua huo mwanya vizuri sana.

Na kufunga. Google Reader, kile cha kusomea habari za tovuti mbalimbali sehemu moja, walitangaza Machi 2013, tarehe 1 Julai ikazimwa. Stadia, ile ya magemu ya Google, walitangaza Septemba 2022 ikazimwa 18 Januari 2023, lakini walirudishia watu hela za vifaa na magemu waliyonunua kwenye duka lao. Huduma mbili za kampuni moja, kuzifunga ni kulekule. Tofauti ni nini ulikuwa umeweka ndani na ulitoka na nini.

Sasa tuingie mahakamani, maana huku ndo kuna kitu ambacho wengi hawakijui, kwamba hiyo sentensi ikiandikwa kwa ubabe sana inaweza ikajiua yenyewe.

Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya shirikisho Marekani, ile ya mzunguko wa tisa inayohudumia California na jirani zake, ilikuwa na kesi ya kampuni ya simu inaitwa Talk America. Mteja alijiunga kwanza na kampuni nyingine, Talk America ikaichukua ile biashara ya simu, ikabadilisha mkataba, ikaongeza ada, ikaongeza kipengele cha kumzuia asishtaki mahakamani kwa pamoja na wenzake, na mkataba mpya ikaubandika kwenye tovuti yake, basi. Hawakumwambia. Yeye malipo yalikuwa yanakatwa moja kwa moja kwenye kadi, hana sababu ya kutembelea tovuti ya kampuni ya simu, nani anafanya hivyo? Ikapita miaka minne. Mahakama ikasema mtu halazimiki kwenda kuchungulia tovuti kila mara kuona kama mkataba wake umebadilika, na mkataba haubadilishwi na upande mmoja kwa kubandika karatasi. Mabadiliko kabla hayajajulikana kwa mteja ni pendekezo tu.

Miaka miwili baadaye, Texas, ikaja ya Blockbuster, wale waliokuwa wanakodisha filamu. Wao waliandika kabisa kwamba wanaweza kubadilisha masharti muda wowote kwa hiari yao, kwa taarifa au bila taarifa. Walipotaka kutumia kipengele kimoja cha masharti hayo kumzuia mteja asiende mahakamani, jaji akawaambia hicho kipengele ni hewa. Mantiki yake ni ya kijiweni kabisa: mkataba ni ahadi ya pande mbili, sasa mimi nikikwambia naahidi kukulipa elfu kumi ila nina haki ya kubadilisha hii ahadi muda wowote hata baada ya wewe kuleta mzigo, nimeahidi nini? Sijaahidi kitu. Na kama mimi sijaahidi kitu, wewe nawe hujafungwa. Mwaka 2012 Zappos, wauza viatu mtandaoni, walidukuliwa, taarifa za wateja milioni 24, wakajaribu njia hiyohiyo, jaji wa Nevada akawagonga kwa sababu hiyohiyo na akaongeza kwamba masharti yenyewe yalikuwa yamefichwa chini ya ukurasa ambako hakuna mteja anayeshuka.

Kwahiyo zile imeli zinazojaa kwenye simu yako, "tunaboresha masharti yetu kuanzia tarehe fulani", usidhani ni uungwana. Ni kesi hizi. Wanasheria waliwaambia mabosi wao ukitaka kipengele kikusaidie siku ya mahakama, onyesha kwamba ulimtaarifu mtu na ulimpa siku kadhaa za kuondoka. Ndo maana masharti mengi ya makampuni makubwa siku hizi hayasemi "bila taarifa" kwenye maneno ya mkataba, yanasema tutakujulisha. Ila shuka chini kidogo ufike kwenye huduma yenyewe, pale utaikuta "bila taarifa" imekaa vizuri imekunja nne. Walikosafisha ni pale walipochapwa.

Kuna kitu kingine kinachoitwa kurudi nyuma, nacho kina historia tamu. Kampuni ya Marekani ya vifaa vya kufundishia watoto kusoma, Gateway Learning, iliahidi wazazi haitagawa taarifa zao, ikaanza kuzikodisha kwa wafanyabiashara, afu ikabadilisha sera ili ionekane inaruhusiwa. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, 2004 ikasema huwezi kubadilisha ahadi leo ukaitumia kwa taarifa ulizokusanya kwa ahadi ya jana. Wakanyang'anywa kile walichopata. Unajua walipata shilingi ngapi? Dola 4,608. Hiyo ndo thamani waliyouzia wazazi wote wale. Lakini kanuni iliyobaki inauma mpaka leo, na Februari 2024 FTC iliirudia kuwaonya makampuni ya akili mnemba yanayobadilisha masharti kimyakimya ili yafundishie mashine kwa data za watumiaji.

Ulaya wameenda mbali zaidi na kwa kweli mi nawaonea wivu. Toka 1993 wana orodha ya vipengele vya mkataba vinavyoweza kuhesabika kuwa vya uonevu, na humohumo kuna cha kubadilisha mkataba au bidhaa bila sababu ya maana. Afu wana sheria ya 2019 ya huduma za kidijitali iliyoanza kutumika 1 Januari 2022, ambayo ukiisoma ni kama imeandikwa na mtu aliyefungiwa daftari: mabadiliko lazima sababu yake iwe imetajwa kwenye mkataba, yasimwongezee mteja gharama, aelezwe kwa lugha inayoeleweka, na kama yanamuumiza zaidi ya kidogo awe na siku 30 za kuvunja mkataba bure. Na kizuri zaidi, huduma ya "bure" unayolipia kwa data zako nayo imo, kwahiyo ile hoja ya "si ulipewa bure unalalamika nini" kule haifiki mbali. Mwaka 2023 mahakama ya Berlin ilivibatilisha vipengele vya Netflix na Spotify vilivyowaruhusu kupandisha bei kwa uamuzi wao wenyewe.

Sisi je? Mtu atakwambia huku hakuna sheria, sio kweli. Kenya haki za mlaji ziko kwenye katiba yenyewe, ibara ya 46, kuna sheria ya kumlinda mlaji ya 2012, na sheria yao ya ushindani inakataza mtoa huduma za benki, bima na nyinginezo kukutoza ada ambayo hukuambiwa kabla. Mwaka 2016 mamlaka yao ya ushindani ikawataka watu wa pesa za simu waonyeshe makato kabla hujamaliza muamala. Bongo tuna Tume ya Ushindani, FCC, kwa sheria ya 2003, na moja ya kazi zake ni kupitia mikataba inayoandaliwa na upande mmoja, yaani ile unayopewa usaini tu. Na kwenye mabando tuna TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Aprili 2021 vifurushi vipya vilipoanza, watu wakaamka wakakuta hela ileile inaleta bando dogo, kelele zilizopigwa zile zilifanya serikali isitishe vile vifurushi chapuchapu. Hiyo ni huduma kubadilishwa na ikarudishwa.

Ila iliwezekana kwa sababu kampuni ziko hapa, leseni ziko hapa, waziri anapiga simu zinapokelewa. Aplikesheni ya shangazi mkataba wake unatawaliwa na sheria za nchi ambayo shangazi hana hata mpango wa kuitembelea. Masharti ya Google kwa wengi wetu yanasema ugomvi unaenda mahakama za Santa Clara, California. Nani atapanda ndege kwenda California kwa ajili ya deni la mama Zuhura? Najua Nairobi mahakama zao zimeanza kuwabana, Septemba 2024 mahakama ya rufaa iliikatalia Meta, wenye Facebook, ile hoja kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya, lakini ile ilikuwa kesi ya wafanyakazi wanaochuja maudhui, sio ya mtumiaji aliyebadilishiwa masharti. Njia imechimbwa, lami bado.

Niwe mkweli pia, hiyo sentensi sio uhuni mtupu. Mtu ana watumiaji milioni kadhaa, kagundua tundu la wadukuzi saa nane usiku, aziba au aanze kuomba ruhusa? Sheria ya nchi imebadilika, kampuni iliyokuwa inampa ramani kapandisha bei, kitufe kinawachanganya watu anataka kukihamisha. Hayo yote ni mabadiliko ya huduma na ukitaka taarifa ya kila moja utapokea meseji 40 kwa siku utaitukana simu. Tatizo ni kwamba kipengele kilichoandikwa kwa ajili ya kuziba tundu usiku ndo hichohicho kinatumika kumfungia mtu daftari asubuhi, na mwanasheria aliyekiandika mara nyingi kakikopi kwa mwenzake aliyekikopi kwa mwenzake.

Na hapa ndo napingana na wengi wanaolalamikia neno "bila taarifa". Taarifa sio ugonjwa wenyewe. Google Photos ilianza Mei 2015 kwa kuweka picha bila kikomo bure, Novemba 2020 wakatangaza kwamba kuanzia 1 Juni 2021 picha mpya zitaanza kuhesabika kwenye zile GB 15 za bure za akaunti ya Google. Zaidi ya miezi sita ya taarifa, na picha za zamani hawakuzigusa. Kwa taarifa huwezi kuwalaumu. Lakini mtu mwenye miaka mitano ya picha za watoto kule ndani, na intaneti yake ni bando la wiki, atazitoa na nini? Kwa mtu wa Helsinki kuhamisha GB 60 ni usiku mmoja, kwa mtu wa Mbagala ni bajeti ya mwezi. Flickr, mtandao wa kuweka picha, walivyobadilisha, kutoka nafasi ya TB 1 bure mpaka picha 1,000 tu, na ziada kuanza kufutwa 2019, nao walitoa taarifa. Taarifa bila mlango wa kutokea ni tangazo la msiba tu, unaambiwa mazishi saa ngapi.

Kwahiyo siku hizi nikimwekea mtu kitu kwenye simu sisomi masharti yote, nisikudanganye. Natafuta "kusitisha" na "kubadilisha" nione kama wametenganisha maneno, huduma, bei na kufunga au wamevifunga pamoja. Afu natafuta kitufe cha kutoa data, na nakijaribu siku hiyohiyo, kikiwa bado cha bure, nione kinatoa faili gani, maana kuna wengine wanakupa faili ambalo linafunguka kwenye aplikesheni yao wenyewe tu, huo ni mlango unaokurudisha chumbani. Kenya sheria yao ya data ya 2019 inataja kabisa haki ya kuhamisha data zako kwenda kwingine. Ya kwetu ya 2022 inakupa haki ya kuomba taarifa zako wanazozishika. Sijawahi kumuona mtu anazitumia haki hizi dhidi ya aplikesheni ya duka ila sioni kwanini isiwe.

Ya shangazi niliimaliza kizembe. Nililipa mwezi mmoja, elfu kumi na tano, nikadanlodi ripoti yote, nikafuta. Nimelipa fidia ya mateka, naelewa, ila ilikuwa ni hiyo au madeni ya watu themanini na kitu yaende. Sasa hivi anaandika kwenye simu kwa aplikesheni nyingine na kila Jumapili jioni anahamishia kwenye kaunta buku kwa mkono, na mimi naletewa faili kila mwisho wa mwezi.

Zile siku tatu ambazo kufuli lilikuwa limefungwa duka halikufungwa. Wateja walikuja kulipa kama kawaida, na shangazi ikabidi awaulize wenyewe wanadaiwa ngapi. Mama Zuhura alisema elfu kumi na mbili, akalipa, akashukuriwa. Ripoti ilipofunguka ilikuwa elfu kumi na nane na mia tano. Shangazi mpaka leo hajamwambia, anasema anasubiri akumbuke mwenyewe.